Kiongozi wa Wodi na Moyo wa Wafanyakazi Wake



Somo la mwezi huu limeombwa na wenzetu wa parokia waliochaguliwa kuingia katika kamati za zahanati na vituo vya afya. Wamesema shida yao waziwazi: watu huwaletea malalamiko juu ya wauguzi, nao hawajui pa kuanzia. Malalamiko yenyewe twayajua sote. Muuguzi amejibu kwa ukali. Muuguzi amemwacha mama mjamzito kwenye benchi tangu asubuhi. Au muuguzi mwema, aliyependwa na kila mtu, ameomba uhamisho, na kabla ya masika amekwisha funga mizigo yake.

Yanapotokea hayo desturi yetu ni kuuliza, "Huyu mtu ana moyo gani?" Si swali baya, maana watu wenye moyo mgumu wapo katika kila kazi, hata ualimu. Lakini leo nataka tuulize pia swali la pili, ambalo husahauliwa: mtu huyu anaongozwa na nani, na kwa namna gani? Wataalamu waliochunguza hospitali tangu miaka ya 1950, katika nchi tajiri na katika nchi yetu, wamekuta jambo moja likijirudia. Kuridhika kwa mfanyakazi wa hospitali hutegemea sana yale yanayompata anapofungua kinywa kumwuliza au kumwarifu jambo mtu aliye juu yake. Hilo ndilo somo letu.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kiswahili kina "kuridhia" na kina "kuridhika", nayo si mamoja. Kuridhia ni kukubali. Mtu aweza kuridhia amri huku moyo wamwuma. Kuridhika ni moyo kutulia, mtu akaona kwamba kazi hii yastahili nguvu anazoitolea, na kwamba kesho atarudi bila kusukumwa. Hospitali yenye amri kali yaweza kujaa watu walioridhia, wala asiwepo hata mmoja aliyeridhika. Mgeni apitaye wodini saa nne asubuhi hawezi kuwatofautisha, kwa kuwa vitanda vimetandikwa vile vile na sakafu imepigwa deki vile vile. Tofauti huonekana usiku wa manane, msimamizi akiwa amelala nyumbani kwake.

Namna tatu za kuongoza

Wale niliowafundisha katika chuo cha ualimu watakumbuka jina la Kurt Lewin, kwa kuwa lilikuwa katika mitihani yao. Huyu alikuwa mtaalamu wa saikolojia, Myahudi aliyeihama Ujerumani mwaka 1933 Wanazi walipotwaa madaraka. Alipofika Marekani, yeye na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White waliwakusanya wavulana wa umri wa miaka kama 10 katika vilabu vidogo vya kazi za mikono, wakawapa viongozi watu wazima waliokuwa wakiongoza kwa namna tatu tofauti. Kiongozi wa kwanza aliamuru kila hatua, wala hakuwaambia watoto hatua ya pili itakuwa nini. Wa pili alijadiliana nao kazi nzima, akawaachia wagawane. Wa tatu alikaa pembeni, akawaacha wafanye watakavyo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1939. Watoto wa amirijeshi walifanya kazi kwa bidii mradi yeye yupo. Alipotoka chumbani, kazi ilizorota mara moja. Wengine katika vikundi hivyo walikuwa wazito na wanyonge, wengine walimgeukia mwenzao mmoja wakamwonea. Watoto wa kiongozi wa pili waliendelea na kazi hata alipokuwa nje. Watoto wa yule wa tatu hawakufanya kazi ya maana, na jambo la kukumbuka ni kwamba hawakuwa na furaha pia.

Nakiri kwamba wavulana wanaotengeneza vinyago si wauguzi. Tena hospitalini kuna saa za amri tupu: mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, hakuna wa kuitisha mkutano. Mmoja aamuru, wengine wakimbie. Hakuna muuguzi mwenye akili anayechukizwa na amri ya namna hiyo. Lililo gumu ni zile saa nyingine zote, ambazo ndizo nyingi.

Yaliyoonekana Manchester

Mtu aliyetufaa zaidi kwa habari hii ni Mwingereza Reginald Revans. Alikuwa mtu wa mambo mengi: alisomea fizikia Cambridge, akaruka chini kwa niaba ya Uingereza katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, baadaye akasimamia elimu ya wachimbaji wa makaa ya mawe, na mwisho akawa profesa huko Manchester. Mwaka 1964 alitoa kitabu juu ya moyo wa wafanyakazi katika hospitali za eneo lile.

Swali lake lilikuwa rahisi. Siku zile hospitali za Uingereza ziliwategemea sana wanafunzi wa uuguzi, ambao walijifunza huku wakifanya kazi wodini, nao walikuwa wakiacha masomo kwa wingi. Lakini hawakuacha kwa wingi ule ule kila mahali. Hospitali moja iliwapoteza wengi, na hospitali nyingine, maili chache tu kutoka hapo, iliwapoteza wachache. Kwa nini? Isingeweza kuwa mshahara, kwa kuwa mishahara ilipangwa kitaifa, mmoja kwa nchi nzima. Wala kazi haikutofautiana sana. Wagonjwa walikuwa watu wa miji ile ile, wenye maradhi yale yale.

Revans alipolinganisha hesabu zake aliona mambo yamefuatana kama punda na mkokoteni. Hospitali iliyokimbiwa na wanafunzi ilikimbiwa pia na wauguzi waliokwisha kuhitimu, hata na masista wa wodi. Siku za kutofika kazini kwa sababu ya ugonjwa zilikuwa nyingi zaidi. Na hili ndilo la kutushtua sisi tusio wauguzi: wagonjwa wa maradhi ya kawaida walikaa kitandani siku nyingi zaidi kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mahali wauguzi walipodumu, na wagonjwa waliondoka mapema.

Basi alitafuta sababu, naye aliikuta katika jambo ambalo kila mwalimu atalitambua. Ilikuwa ni habari ya maswali. Katika wodi moja mwanafunzi akiuliza, "Sista, mbona huyu anapewa nusu ya dawa?" sista alisimama akamweleza, ijapokuwa kwa maneno machache. Katika wodi nyingine aliambiwa afanye alivyoagizwa, au alitazamwa tu kwa jicho lile ambalo latosha. Wanafunzi wa wodi ya pili ndio walioacha.

Msiofundisha huenda mkaona ni jambo dogo. Mwanafunzi haulizi kwa sababu ana nafasi ya kupoteza. Anauliza kwa sababu hana hakika. Katika darasa la hesabu asiye na hakika hukosea jumla, mwalimu akamtilia alama nyekundu, yakaisha. Hospitalini asiye na hakika ameshika sindano. Anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Swali lake likijibiwa hofu hupungua na maarifa huongezeka. Likizimwa, hofu hubaki pale pale, tena sasa hana pa kuipeleka. Atafanya mambo mawili tu: ama atajifunza kunyamaza, ama atatafuta kazi nyingine. Na yule anyamazaye, mgonjwa akimwuliza, "Mwanangu, nitapona?" atamjibu vile vile alivyojibiwa yeye. Hapo ndipo panapozaliwa ule ukali tunaoulalamikia kwenye baraza la zahanati.

Revans hakuishia kwa sista. Aliwauliza masista wenyewe habari za wakubwa wao, yaani madaktari na matroni. Yule aliyewazima wanafunzi, mara nyingi, ndiye aliyejiona hasikilizwi na wakubwa. Hakupata majibu kutoka juu, naye hakuwa na majibu ya kupeleka chini. Sista aliyeona kwamba matroni anamsikia, na daktari anamweleza mpango wa mgonjwa, aliwafungulia mlango wanafunzi wake. Kwa hiyo ukali wa wodini ulikuwa umeshuka ngazi kutoka ofisini.

Miaka michache kabla yake, mwaka 1960, mwanamke mmoja jina lake Isabel Menzies aliandika habari za hospitali moja kubwa ya London, ambapo kama theluthi moja ya wanafunzi waliacha kabla ya kumaliza. Yeye aliona kwamba kazi ya uuguzi ilikuwa imekatwakatwa vipande. Muuguzi hakupewa wagonjwa wachache awahudumie kwa ukamilifu, bali alipewa kipande kimoja cha kazi akifanye kwa wodi nzima, leo vipimo vya joto, kesho mabakuli. Mgonjwa hakuitwa kwa jina. Aliitwa kwa ugonjwa wake na namba ya kitanda. Uamuzi mdogo ulikaguliwa na mtu wa pili na wa tatu, hata ikawa hakuna aamuaye. Menzies alieleza kwamba yote hayo yalijengwa ili kumkinga muuguzi na uchungu wa kukaa karibu na mateso na kifo. Nia ilikuwa njema, lakini ukimkinga mtu na uchungu wa kazi yake umemkinga pia na furaha yake, kwa maana muuguzi hutulia moyo anapomwona mtu fulani, mwenye jina, akiinuka na kwenda zake nyumbani. Nami nimelazwa mara mbili maishani mwangu, sisemi wapi, na mara zote mbili nilikuwa "kitanda cha kumi na moja". Sikuwalaumu wale vijana. Ndivyo walivyokuta kazi imepangwa.

Wodi yenye makosa mengi

Sasa nawaomba wanakamati wasome kwa makini sehemu hii, kwa sababu inapingana na jinsi wengi wetu tunavyokagua.

Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson, aliyekuwa bado mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza makosa ya kutoa dawa katika wodi nane za hospitali mbili huko Marekani. Alitazamia kwamba wodi zenye viongozi wazuri na ushirikiano mwema zitakuwa na makosa machache. Akakuta kinyume chake. Wodi zenye viongozi waliosifiwa na wafanyakazi wao ndizo zilizokuwa na makosa mengi katika vitabu. Mtu mwepesi angesema, kumbe uongozi wa upole huharibu kazi! Lakini yeye alitulia akafikiri, na uchunguzi zaidi ulimwonyesha kwamba katika wodi zile watu hawakukosa zaidi ya wengine, walisema zaidi. Muuguzi aliyetoa dawa isiyo yake alikwenda kwa kiongozi wake papo hapo, wakamwokoa mgonjwa, kisha wakatafuta kwa nini chupa mbili zinazofanana ziliwekwa rafu moja. Katika wodi za wakali, makosa yalikuwepo, ila yalizikwa. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 1996.

Basi mwanakamati akionyeshwa daftari safi, lisilo na kosa hata moja kwa mwaka mzima, asiharakishe kupiga makofi. Daftari safi laweza kuwa alama ya kazi safi, na laweza kuwa alama ya vinywa vilivyofungwa.

Waingereza waliliona hilo kwa machungu makubwa katika hospitali ya Stafford, kati ya mwaka 2005 na 2009. Viongozi wa hospitali ile walikazania hesabu za fedha na malengo waliyowekewa, wauguzi wakapunguzwa, na wagonjwa wengi, hasa wazee, wakaachwa katika hali ya aibu bila msaada wa kula wala kunywa. Wapo wafanyakazi waliojaribu kusema, wakapuuzwa au wakatishwa. Ripoti ya tume iliyoongozwa na mwanasheria Robert Francis, iliyotolewa mwaka 2013, ilionyesha kwamba habari njema zilipanda juu kwa urahisi na habari mbaya zilikwama njiani. Ile si hospitali ya porini isiyo na vifaa. Ni hospitali ya nchi tajiri.

Mfano ulio kinyume, nao uko kwetu. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya mambo ya kuhakikisha kabla na baada ya upasuaji, katika hospitali nane za miji nane ya dunia. Mmoja ulikuwa Ifakara, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mingine ilikuwa kama London, Toronto, Manila na Amman. Katika orodha ile limo jambo linaloweza kuonekana la kitoto: kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Hata muuguzi mdogo anayeshika vyombo hutaja jina mbele ya bingwa wa upasuaji. Waliobuni orodha waliona kwamba mtu aliyekwisha kusikia sauti yake mwenyewe chumbani mle hataogopa sana kuitumia tena akiona jambo linakwenda vibaya. Katika hospitali zile nane zikijumlishwa, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sisemi kwamba ni kutaja majina peke yake kulikoleta hayo, maana orodha ilikuwa na mambo mengine ya dawa na vyombo. Nasema tu kwamba lilitiwa ndani kwa makusudi, na watu wazima wenye elimu kubwa.

Je, si mshahara?

Hapa najua msomaji mmoja amekwisha kukunja uso. "Mwalimu, mpe muuguzi mshahara wa kutosha na nyumba ya kukaa, utamwona akicheka." Nami sitabishana naye kwa wepesi, kwa kuwa nimeishi kwa mshahara wa serikali na najua tarehe 20 inavyofanana. Mshahara mdogo huumiza, na kiongozi anayehubiri wito kwa mtu asiyelipwa posho yake ya usiku anajidharaulisha.

Ila tutazame waliosema wafanyakazi wenyewe. Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Karibu nusu ya madaktari na wauguzi walisema hawaridhiki na kazi yao. Sababu ya kwanza waliyoitaja ni mshahara, na ya pili upungufu wa vifaa. Lakini hawakuishia hapo. Walitaja pia kutoambiwa namna kazi yao inavyopimwa, njia mbovu za mawasiliano kati yao na uongozi, kutoshirikishwa katika maamuzi, na uongozi kutojali hali za wafanyakazi. Hesabuni wenyewe, ndugu zangu, ni mangapi katika hayo yanayohitaji bajeti ya Dodoma.

Miaka miwili kabla, 2006, ulichapishwa uchunguzi ambamo wahudumu wa zahanati na vituo vya afya mkoani Kilimanjaro walihojiwa vivyo hivyo. Wao walijiona wanafanya kazi mahali pasipo na wa kuwaunga mkono. Waliomba usimamizi wenye utaratibu, wa kusaidia, si wa kuvizia. Waliomba nafasi za masomo na vyeo zigawanywe kwa uwazi. Na wengine wakapendekeza wahudumu wa kituo kimoja watembelee kituo kingine, wazungumze juu ya wagonjwa wanaowapeleka huko. Pendekezo zuri lile, nalo gharama yake ni nauli ya basi.

Mmarekani Frederick Herzberg, aliyewahoji wahandisi na wahasibu kama 200, alisema mwaka 1959 kwamba mambo yanayomchukiza mtu kazini si yale yale yanayomfurahisha yakigeuzwa. Mshahara mbaya na usimamizi mbaya humchukiza. Lakini ukivirekebisha, humwondolei ila chuki. Furaha hutoka katika kazi yenyewe, kufanikiwa, na kutambuliwa kwamba amefanikiwa. Wengine wamempinga, na kwa kweli maisha hayagawanyiki vizuri hivyo. Lakini kwa muuguzi naona ana sehemu kubwa ya haki.

Kiongozi mpole asiyeamua

Nisieleweke kwamba nawasifu viongozi wapole kwa upole wao. Yule kiongozi wa tatu wa Lewin yupo katika vituo vyetu vingi, naye hupendwa kwa miezi mitatu ya kwanza. Hagombi na mtu. Orodha ya zamu haibandiki, au akiibandika hubadilishwa kwa simu. Mmoja akichelewa saa mbili husema, "Haya, mama, usijali," na yule aliyekesha usiku kucha hubaki hapo hapo akimngojea mwenziwe. Baada ya muda wenye bidii wanabeba kazi za wavivu, na wenye bidii ndio huomba uhamisho kwanza. Uchunguzi mwingi wa wauguzi katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kiongozi asiyeonekana wala asiyeamua huwanyima wafanyakazi wake kuridhika, kama vile mkali anavyowanyima. Kusikiliza bila kuamua ni kumchosha msemaji mara mbili.

Na jibu si lazima liwe "ndiyo". Hili nalisisitiza kwa sababu wasimamizi wengi huogopa kuulizwa wasije wakaombwa wasichokuwa nacho. Mganga mfawidhi wa zahanati hana uwezo wa kuiharakisha Bohari ya Dawa. Hawezi kujenga nyumba ya mtumishi. Lakini muuguzi aliyemwandikia juu ya glovu zilizokwisha aweza kuambiwa wiki hiyo hiyo, "Nimepeleka maombi Jumanne, wamesema hazipo hadi mwisho wa mwezi, basi tupange namna ya kutumia zilizobaki." Glovu bado hazipo. Ila muuguzi amejua kwamba sauti yake imefika mahali na imerudi. Linganisha na yule aliyeandika mara tatu, karatasi zikalala kwenye faili, na siku ya ukaguzi akaulizwa yeye, mbele ya wagonjwa, kwa nini anazalisha mikono mitupu.

Kuna mambo mengine madogo ambayo mfawidhi anaweza kuyafanya bila kibali cha mtu. Zamu zitolewe mapema, ili mtu ajue kama atakuwepo kwenye ubarikio wa mwanawe. Sikukuu zizungushwe, asiwe yule yule mgeni anayelinda wodi kila Krismasi kwa kuwa hana ndugu hapa. Kosa lizungumzwe ofisini mlango umefungwa, na kazi njema isemwe barazani. Wengi wetu tumezoea kinyume chake, hata shuleni.

Kamati nayo ni kiongozi

Kanisa letu limeendesha hospitali tangu siku za wamisionari. UMCA walikuwa nazo Muheza na Masasi, CMS wakawa nazo Mvumi, Kilimatinde na Berega. Kwa hiyo parokia zetu zimezoea kuzungumza habari za wauguzi kama watoto wa nyumbani, na mtoto wa nyumbani hukemewa na kila mtu. Hapo yatupasa kukumbuka ile ngazi ya Revans. Tulisema ukali wa sista ulishuka kutoka kwa matroni. Basi matroni naye alikuwa na wakubwa. Katika zahanati ya kijiji mkubwa wa mfawidhi ni mganga mkuu wa wilaya, lakini pia ni ninyi, wanakamati.

Fikirini namna tunavyomwita mfawidhi kikaoni. Anakuja akitoka kuona wagonjwa, anakuta watu kumi na wawili wamekwisha kukaa, malalamiko yamekwisha kusomwa, na mwenyekiti anamwambia, "Haya, jieleze." Anajieleza. Hakuna aliyemwuliza ana watumishi wangapi na alipaswa kuwa na wangapi. Hakuna aliyeuliza maombi aliyoyaleta kikao kilichopita yamefikia wapi, kwa sababu muhtasari haukusomwa. Anarudi kazini akiwa amenyamazishwa mbele ya mafundi, wakulima na walimu wastaafu. Saa nane mchana muuguzi wake mdogo anabisha hodi: "Samahani Daktari, nilitaka kuuliza..." Mnaweza kukisia atakavyojibiwa.

Kwa vikundi vitakavyokutana kulijadili somo hili, chukueni kwanza muhtasari wa kikao cha mwisho cha kamati yenu na mtafute ombi moja lililoletwa na mtumishi wa zahanati: nani alipewa kulifuatilia, na je, mtumishi yule amepewa jibu, hata kama ni la "hapana"? Kisha zungumzeni juu ya malalamiko mliyoyapokea mwaka huu. Katika mangapi mlimsikia muuguzi mwenyewe kabla ya kuamua? Na mkienda kutembelea kituo, baada ya kusalimiana na mfawidhi kama ipasavyo, mwombeni ruhusa mketi dakika chache na mtumishi aliye mdogo kuliko wote, yule dada wa kufagia au kijana wa maabara aliyeajiriwa juzi, mmwulize ni jambo gani aliloliona wodini ambalo bado hajapata wa kumwambia.